Nyekundu Imekwisha

Tumehesabu hatari tangu Jumatatu,
ghorofa ya nne, feni moja, watu sita,
chai ya rangi na maandazi ya jana.
Uwezekano mara athari:
tatu mara nne, kumi na mbili, manjano;
tano mara tano, hapo kalamu husita
na Kilindo hufunga dirisha
kana kwamba namba ina masikio.

Tulianza na yanayowatisha wakubwa:
mtu mwenye begi stendi,
meli isiyojibu redio,
kompyuta za benki kuzimika tarehe ya mishahara.
Kisha yanayotutisha sisi:
Msimbazi kugonga mlango usiku,
kipindupindu,
nguzo ya umeme iliyoegemea ukuta wa shule.
Haya ya pili yana uwezekano mkubwa
na kiti kidogo mezani.

Mstari wa kumi na saba: matangi ya mafuta, Kurasini.
Nilikwenda mwenyewe, na kofia ngumu ya kuazima.
Lango la dharura linafunguliwaje?
Wakanionyesha kufuli, nene kama ngumi ya mwashi.
Na ufunguo?
Ufunguo anao Lihawa.
Na Lihawa?
Lihawa hutoka saa kumi na mbili, hulala Chanika,
na simu yake, wakasema kwa upole,
huwa inaisha chaji.

Kwenye safu ya athari niliandika tano.
Kwenye safu ya uwezekano niliandika Lihawa,
nikafuta. Jedwali halipokei majina.
Linapokea "udhaifu katika udhibiti wa milango."
Linapokea "wakazi wa jirani."
Mkazi wa jirani mmojawapo ni mimi,
Keko, chumba na sebule,
na mwanangu Tumsifu anayelala na soksi moja.
Sikujua nijipe ngapi.

Alhamisi saa mbili usiku tukachapa
nakala kumi na nne za kikao cha asubuhi.
Mashine ikakohoa, ikatema karatasi,
nikashangaa nchi ilivyopona ghafla:
mstari wa tatu, manjano,
wa kumi na saba, manjano,
Msimbazi wote manjano kama mchuzi wa binzari.
Wino mwekundu ulikuwa umekwisha.
Na mashine, ikikosa nyekundu,
hujifanyia na kilichobaki,
kama mama zetu tarehe ishirini na saba.

Duka limefungwa. Ombi la wino linataka sahihi tatu.
Kilindo alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Mwasandube, mkubwa wetu, hakucheka.
Aliinua karatasi kwenye taa, akaitazama kwa muda
kama mtu aliyeletewa picha ya mgonjwa wake
akiwa bado mnene.
"Manjano haiombi bajeti," alisema.
Halafu, polepole: "Kesho kikao kitakuwa kifupi."
Sijui kama alikuwa anaonya
au anapumua.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo,
tuliimbishwa darasani,
na mwalimu akasema kinga ni kijiti chenye moto.
Kazini kinga ni kuuzuia usije.
Usiku ule niliziona zote mbili ni moja:
kinga ya karatasi juu ya kinga ya karatasi,
kavu, zimepangwa vizuri,
zinangoja.

Ndani ya mkoba wangu palikuwa na kalamu ya nta
ya Tumsifu, nyekundu, ncha imetafunwa.
Visanduku tisa kila nakala, nakala kumi na nne.
Nilipofika ya sita ilibaki punje ya hindi.
Nikaiacha meli. Nikamwacha mtu wa begi.
Mungu anisamehe, nikaiacha na benki.
Nikapaka kumi na saba tu, hadi nakala ya mwisho,
mwishowe kwa ukucha.

Asubuhi mheshimiwa mmoja alikigusa kisanduku,
kidole kikatoka chekundu.
"Hiki nini?" akauliza, akipapasa leso.

Nikasema, huyo ni Lihawa, mheshimiwa.
Jana alitoka saa kumi na mbili.
Ufunguo anao.